Nilivyompeleka Mama Mkwe Uvinza Kutazama Vigae

Tangu nirudi, kila anayeingia karakana yangu kutengeneza mguu wa kiti anaanza na swali lile lile: "Fundi Eliasi, ni kweli umesafiri siku tisa na mkweo?" Wenzangu wa darasa la jioni la kisomo nao wameacha kuuliza hesabu, wanataka habari za shimo. Nimesimulia mpaka sauti imekauka, na kila mara nasahau kitu, kisha mke wangu Agnesi ananisahihisha mbele za watu ilhali yeye hakuwepo. Basi naandika mara moja, kila mtu asome mwenyewe. Habari za tiketi, barua na mihuri nimeziruka, hazina utamu.

Jina la mama mkwe hamtaliona humu. Wanyamwezi wenzangu wanajua sababu. Ninyi mliokuja Tabora kwa kazi, jueni kwamba kwetu mtu hamtaji mkwewe kwa jina, hampi mkono, hakai naye mkeka mmoja, wala hali mbele yake. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima tu. Katika miaka sita ya ndoa yangu nilikuwa nimesema na mama yake Agnesi ana kwa ana labda mara tatu, na mojawapo ilikuwa siku jikoni kwa jirani kulipowaka moto.

Tabora: machekeche matano

Chanzo cha yote ni machekeche. Alikuja karakana kijana mmoja mrefu, miwani imefungwa kwa uzi kwenye sikio, akasema anaitwa Mathayo na anataka fremu tano za mbao zenye wavu wa waya chini. Nilidhani ni za kuchekecha mchanga wa kujengea. Akasema hapana, ni za kuchekecha udongo kutafuta vitu vilivyoachwa na watu wa zamani. Kazi yake ni kuchunguza mambo ya kale, na alikuwa anachimba ng'ambo ya mto Malagarasi, karibu na chemchemi za chumvi za Uvinza.

Aliomba maji ya kunywa. Nikamwelekeza kwenye mtungi ulio pembeni, kazi ya mama mkwe, aliotuletea tulipohamia nyumba hii. Mathayo akachota, lakini hakunywa. Aliinama akaupapasa ule mtungi shingoni kama daktari anayetafuta uvimbe. Kisha akatoa mfukoni kigae cha chungu, kikubwa kama kiganja, akakiweka kando ya mtungi. Ukingoni alama za kidole gumba, mbonyeo baada ya mbonyeo, na chini yake mistari miwili ya uzi uliosokotwa. Kwenye mtungi wetu ni hivyo hivyo.

"Nani amefinyanga huu?" akaniuliza.

"Mkwe wangu, wa Ntalikwa."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia tu, twende.

Huko kijijini Ntalikwa mama mkwe alikipokea kigae, akakigeuza, akakinusa, akakilamba kidogo kwa ncha ya ulimi. Mathayo akamweleza kwa unyenyekevu mwingi kwamba angependa aje Uvinza atazame vigae vingine, kwa sababu yeye Mathayo amesoma vitabu vya vyungu lakini hajawahi kufinyanga hata kikombe. Mama mkwe akamwambia Agnesi, aliyekuja nasi, kwa Kinyamwezi: "Nitakwenda. Nani atanisindikiza?"

Shemeji zangu wote walikuwa katika tumbaku, msimu wa kukausha. Agnesi alikuwa na kichanga cha wiki tatu. Macho ya ukoo mzima yakatembea polepole kuzunguka ule ua, mwisho yakatua kwangu.

Kutoka Tabora mpaka Kaliua: Bi. Zuhura katikati

Katika behewa la daraja la tatu hakuna namna ya kumkwepa mkweo. Mathayo alikuwa ametangulia, gari lake limejaa machekeche. Tuliingia asubuhi, watu wamejaa, na nafasi zilizobaki zilikuwa kwenye benchi moja. Mama mkwe alikaa dirishani, akajifunika kanga, akageukia nje. Mimi nilisimama. Tungefika Uvinza nimesimama kama si mama mmoja mnene mwenye baibui na vikapu vitatu, aliyeingia akajitupa katikati ya benchi na kupumua.

Huyo alikuwa Bi. Zuhura, mzaliwa wa Tabora mjini, mshonaji wa kofia na muuza vitambaa, akienda kwa dada yake Ujiji. Kabla ya Usoke alikuwa ameshajua hali yetu yote. Tangu hapo akawa posta yetu.

"Bi. Zuhura," mama mkwe husema, macho nje, "mwambie huyo kijana akae, miguu itavimba."

"Kijana, mama anasema ukae, miguu itavimba."

"Mwambie nashukuru, nimezoea kusimama kwenye randa."

"Anashukuru, amezoea randa. Mimi naona anadanganya, magoti yanatetemeka."

Nikakaa. Tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipita kwanza kwa Bi. Zuhura, naye hakufikisha neno bila kuliongezea chumvi. Mama mkwe akisema "anahisi njaa?", Bi. Zuhura hunifikishia: "Mkweo anaona umekonda, anajiuliza kama binti yake anakupikia." Abiria wa mkabala walikuwa wanacheka mpaka wanafuta machozi, na kwa pembe ya jicho niliona bega la mama mkwe nalo linatikisika.

Alikuwa amebeba matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na karanga. Alimpa Bi. Zuhura fungu, na Bi. Zuhura akanipa. Nilitoka nikala nimesimama kwenye mlango wa behewa, vumbi linanijaa mdomoni. Kaliua tulinunua asali ndani ya chupa. Bi. Zuhura akaonja, akasema tangu zamani misafara ilipita njia hii hii, babu yake akiwa mpagazi wa pembe za ndovu, na kwamba reli haikufanya lolote ila kulalia mgongoni mwa njia ya wapagazi. Mama mkwe aligeuka kwa mara ya kwanza, akamtazama.

"Babu yako alibeba pembe tu?" akauliza.

"Ndivyo alivyotuambia," Bi. Zuhura akajibu, na kwa mara ya kwanza hakuongeza chochote.

Nguruka: siku mbili za samaki

Treni ilisimama Nguruka, na tulipoona watu wanatandika mikeka kando ya reli tukajua ni kusimama kwa kweli. Sababu zilikuwa tatu kwa mpigo: tembo wamelala njiani, daraja linakaguliwa, dereva anaumwa jino. Mpaka leo sijui ipi ilikuwa ya kweli. Tulikaa siku mbili.

Nguruka mtu hafi njaa. Samaki wa mabwawa ya Malagarasi wanaletwa wabichi, wa kukaanga na wa moshi, na akina mama wanapika ugali wa muhogo laini kama mto. Shida yangu ilikuwa mahali pa kulia. Kituo ni kidogo, na kila nilipokaa na sahani nilimwona mama mkwe kwa mbali, nikainuka. Siku ya pili nikapata wazo. Nilichukua kambare wangu nikazunguka nyuma kabisa ya ghala la mizigo, mahali ambapo hakuna mtu ila nyasi.

Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale, sahani magotini, kambare mdomoni. Naye alikuwa ananikimbia mimi.

Tulitazamana. Nikageuka nikampa mgongo, naye nikasikia anajigeuza, na tukala hivyo, mgongo kwa mgongo, hatua kumi kati yetu. Baada ya muda akasema, bila Bi. Zuhura, kana kwamba anaongea na ukuta wa ghala: "Samaki hawa wana mifupa midogo. Mtu asimeze haraka."

"Ndiyo, mama," nikauambia ukuta wa upande wangu.

Uvinza: "Mama huyu anaitwa nani?"

Tuliagana na Bi. Zuhura kwenye stesheni ya Uvinza. Aliendelea na treni, akatupungia kofia moja ya kazi yake dirishani, akapiga kelele: "Sasa mtaongea wenyewe!"

Kutoka stesheni hadi kijiji kilicho karibu na shimo ni mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishiwa pale mwaka uliotangulia, nyumba zimepangwa mstari mmoja ulionyooka kama meno ya msumeno, nyasi za mapaa bado njano. Palikuwa na bango la Ujamaa, na chini ya bango kijana wa mgambo mwenye rungu na daftari.

"Majina," akasema.

Nikataja langu, na safari yetu tangu Tabora.

"Na mama huyu anaitwa nani?"

"Ni mkwe wangu."

"Nimeuliza jina."

"Siwezi kulitaja."

Akaandika kitu daftarini. "Mmetoka Tabora pamoja, siku nne njiani, na humjui jina?"

"Namjua. Simtaji."

"Mama, wewe unaitwa nani?"

Mama mkwe alikuwa ameshageuka, kanga imefunika uso, kwa sababu kujitaja mbele ya mkwe aliona nako ni aibu. Kijana akaona hapa pana jambo. Lafudhi yake ilikuwa ya pwani, na nadhani aliamini nimemwiba bibi wa watu. Tulipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi, mzee mwenye kikohozi, alisikiliza nusu ya maelezo, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu, akamwambia yule kijana kwamba hata yeye kwa mkwe wake hapiti mbele ya mlango. Kisha kwa wema akatuletea ugali na dagaa, sinia moja, watu wawili, akaondoka akiamini ametukirimu. Tuliliangalia lile sinia mpaka likapoa.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Aligawa ugali katikati kwa kidole, akahamishia fungu lake kwenye kifuniko cha kikapu, akaenda kukaa nyuma ya mlango. Kutoka huko akasema: "Baba Kalunde, kula." Kalunde ni binti yangu wa kwanza. Mama mkwe hakuwahi kuniita hivyo yeye mwenyewe kabla ya siku ile.

Shimoni

Sasa nafika penye maswali yenu mengi, yaani mle shimoni kuna nini.

Msidhani ni shimo kama la choo. Ni mraba, kingo zimenyooka, na linashushwa kidogo kidogo kwa mwiko wa mwashi na brashi. Mathayo alituambia kanuni ya kwanza, nayo ni rahisi. Watu wakikaa mahali wanaacha taka: majivu, mifupa ya samaki, vyungu vilivyovunjika. Upepo na mvua vinaleta udongo juu yake. Wanakuja wengine, wanaacha taka zao juu ya zile. Kwa hiyo, kama hakuna panya au mtu aliyevuruga, kilicho chini ni cha zamani kuliko kilicho juu. Ukutani mwa shimo ulikuwa unaona kabisa, mstari mweusi wa majivu, mwekundu wa udongo uliochomwa, mweusi tena. Kila kitu kinachotoka kinaandikiwa kimetoka mstari gani, maana kigae kisichojulikana kilikotoka, alisema Mathayo, ni sawa na barua iliyochanika jina la mwandishi. Mkaa wenyewe wanaufunga kwenye karatasi na kuupeleka mbali, ambako kuna mitambo ya kukadiria kuni zile ziliungua lini.

Nikamwuliza kwa nini vyungu. Kwa nini asitafute dhahabu?

"Dhahabu watu hawaiachi," akasema. "Wakihama wanaondoka nayo. Chungu kikivunjika wanakitupa, na kigae hakiozi. Mti unaoza, nguo inaoza, hata mfupa. Nenda Misri, nenda zile nchi za mito miwili za Waarabu, ambako watu walikuwa wanaandika kwenye vibao vya udongo, nenda Bara Hindi kwenye miji ya matofali iliyoachwa maelfu ya miaka. Kote huko mchimbaji anaanza na vigae. Nenda kusini kwenye kuta za mawe za Zimbabwe, ni hivyo hivyo. Wafalme wana makaburi yao, fundi, lakini watu wa kawaida utawajua kwa vyungu."

Niliyaandika maneno hayo kwenye ubao wa chekeche, na ndiyo mliyoyaona nimeyarudia darasani.

Mama mkwe hakusikiliza hotuba. Alikuwa ameketi chini, vigae vimetandazwa juu ya turubai mbele yake, akivipanga upya bila kuomba ruhusa. Mathayo alivipanga kwa rangi na unene. Yeye alivipanga kwa mikono.

"Hivi ni vya mtu mmoja," alisema, na sasa alikuwa anamwambia Mathayo mwenyewe. "Ana haraka. Hivi ni vya mtu mwingine, anapenda kazi yake. Hivi vilipikiwa chumvi, si chakula. Tazama, vimeliwa kwa ndani."

Mathayo akamwuliza lile alilomwitia. Je, vigae vya mstari wa chini kabisa na vya juu ni kazi ya watu wa aina moja? Na mtungi wa Ntalikwa, je, unaonyesha kwamba watu wa hapa walihamia Unyanyembe, kwetu Tabora? Niliona jinsi alivyokuwa anatamani jibu liwe ndiyo. Angepata njia moja iliyonyooka, toka chini ya shimo mpaka kwenye karakana yangu.

"Vya chini si vya hawa," mama mkwe akasema. "Mkono mwingine kabisa. Vya juu ndivyo vyangu."

"Kwa hiyo watu wa juu ndio waliohamia kwenu?"

"Watu hawakuhama. Mimi sikufundishwa na mama yangu, mwanangu. Mama yangu alifinyanga vyungu vya kwetu, ukingo mtupu. Hivi nilifundishwa nilipoolewa. Alinifundisha mama wa mume wangu. Na yeye alitoka huku."

Mathayo aliweka kalamu chini. Nami nilikuwa sijui. Agnesi mwenyewe hakujua.

Mama mkwe akaendelea kupekua. Akaokota kigae kimoja cha ukingo, kidogo, kutoka mstari ule wa juu ambamo walikuwa wamepata pia shanga za kioo za biashara ya misafara. Akaweka kidole gumba chake kwenye mbonyeo wa kidole gumba. Hakikuingia. Akajaribu kidole cha mwisho, kikaingia sawasawa.

"Huyu alikuwa mtoto," akasema. "Anafundishwa. Mbonyeo huu wa kwanza ni wa mkubwa, anamwonyesha. Hii mingine ni yake."

Hakukirudisha kigae juu ya turubai mpaka jua lilipogeuka.

Mkutano

Siku iliyofuata wanawake wa kijiji waliacha kutuuzia maji. Mchana tukaitwa mkutanoni. Zilikuwa zimeenea habari mbili. Moja kwamba tunatafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani, na nyingine, mbaya zaidi, kwamba tunafukua makaburi. Mathayo aliwaeleza kwamba hakuna mfupa wa mtu uliotoka, ni wa samaki na mbuzi tu. Alieleza vizuri. Lakini akasimama mama mmoja wa makamo, mwenye mtoto mgongoni, akasema kwa sauti isiyo na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililotuuma:

"Sisi tuliambiwa tuhamie hapa, tukahama. Makaburi ya wazazi wetu tumeyaacha porini, hakuna anayepalilia. Leo anakuja mtu na gari anasema anataka kujua watu wa zamani. Wa kwetu tunawajua. Mbona hakuna aliyetuuliza?"

Mwenyekiti wa kijiji akasema kama ni hivyo basi shimo lifungwe mpaka wakubwa waseme. Watu wakaitikia.

Hapo mama mkwe akasimama. Nilitaka kuinama nisimwone, kwa kuwa si adabu kumtazama mkweo anapohutubia, lakini nilimtazama.

"Mimi sikuja kwa ajili ya shimo," alisema. Kiswahili chake ni cha sokoni, alikwenda nacho taratibu. "Nimemfuata mama wa mume wangu. Alichukuliwa huku, karibu na maji ya chumvi, msichana mdogo. Msafara ulimfikisha Tabora. Pale akaugua, wakamwacha kama mzigo uliolowa. Watu wa Ntalikwa wakampokea, akakua, akaolewa, akazaa. Alinifundisha kazi inayonilisha. Kwao hakurudi, wala hakuna aliyekuja kumtafuta. Mwenzangu hapa anasema hakuna aliyewauliza. Mimi nawauliza. Mnamjua?"

"Anaitwa nani?" mwenyekiti akauliza.

Nilijua mama mkwe anachokikabili, na ninyi mnaojua mila zetu mnajua. Alikuwa mke wa nyumba ile zaidi ya miaka arobaini. Hakuwahi kumtaja mama wa mume wake, akiwa hai wala siku ya kumzika. Watoto na wajukuu walisema "Bibi" tu. Alitoa kanga kichwani, akaishika kwa mikono miwili.

"Kwetu simtaji," alisema. "Lakini nisipomtaja hapa, mtamjuaje? Aliitwa Butoyi."

Uwanja ulifanya kelele mara moja. Yule mama mwenye mtoto mgongoni akaja mbele mpaka wakawa uso kwa uso.

"Butoyi?"

"Butoyi."

"Basi Bukuru alibaki."

"Bukuru ni nani?"

"Mama, huku kwetu wakizaliwa mapacha, wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Hakuna Butoyi bila Bukuru. Huyo mkweo alikuwa pacha."

Sisi tunasema Kulwa na Doto. Kama angeitwa Doto, mtoto yeyote wa Tabora angejua. Jina lilikaa nyumbani kwetu miaka yote hiyo likisema waziwazi, na hapakuwa na mtu wa kulisikia.

Mama mkwe alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Yule mama akakaa naye. Hakuna aliyeweza kusema Butoyi huyu alikuwa wa ukoo gani, maana waliochukuliwa walikuwa wengi. Lakini kutoka upande wa wazee mtu mmoja akasema, "Kwetu alichukuliwa Nyamwiza, dada wa babu." Mwingine akataja wa kwao. Wakaendelea kutaja, mmoja baada ya mwingine, na Mathayo akaomba ruhusa ayaandike. Wakamruhusu. La kufunga shimo hakuna aliyelizungumzia tena.

Kesho yake wanawake walikuja shimoni, wakachutama kwenye turubai, wakabishana na mama mkwe juu ya vigae kama watu wanaochagua nyanya. Yule mama mwenye mtoto alimpeleka kwenye bonde wanakochimba udongo wa kufinyangia. Mama mkwe akaulamba, akasema ndio wenyewe.

Kurudi, na Ntalikwa

Treni ya kurudi haikusimama popote isipotakiwa, na kwa mara ya kwanza nikatamani ingesimama. Mama mkwe alikaa dirishani, mimi pembeni, hakuna Bi. Zuhura. Tulikula mahindi ya kuchoma, kila mtu ametazama upande wake. Alinieleza namna udongo unavyopumua usiku wa kabla ya kuchomwa, na kwamba mimi ni fundi mzuri lakini milango yangu inabana wakati wa mvua. Ni kweli inabana.

Jumapili baada ya ibada aliwaita wanawe wote Ntalikwa. Agnesi alikuja na kichanga. Mimi nilikaa mbali, kwenye kizingiti cha zizi, kama inavyonipasa. Aliwaambia jina la bibi yao. Shemeji yangu mkubwa, mtu wa miaka arobaini mwenye mikono imekuwa kahawia kwa tumbaku, aliliomba tena, akalirudia kwa sauti ndogo mara mbili. Kisha mama mkwe akawaambia habari ya mapacha.

Shemeji akauliza swali ambalo sote tuliokuwa kule, pamoja na Mathayo na elimu yake, hatukuliuliza: "Huyo Bukuru alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Sijui," mama mkwe akasema. "Jina ni moja kwa wote. Sikujua kuuliza."

Mtoto akalia, Agnesi akamnyonyesha. Mama mkwe alikuwa anaangalia mikono yake.

"Bibi yenu alipokuwa ananisimulia habari za kwao," akasema, "siku zote alisema 'sisi'. Tulichota maji ya chumvi. Tulikata kuni. Tulipigwa kwa kuvunja chungu. Miaka yote hiyo nilidhani anasema watoto wa kijijini."